Mwache Mtoto Aandike Lake

Mwanangu, nimesikia umepangiwa darasa la kwanza, na nimesikia pia kwamba wenzako wamekupa pole. Usiipokee pole hiyo. Katika shule nyingi darasa la kwanza huachiwa mwalimu mgeni asiye na wa kumtetea, au mama mtu mzima anayehesabu miezi ya kustaafu, na wengine hukimbilia la saba ambako matokeo hutangazwa. Mimi naona waliokupanga hapo wamekukabidhi kazi kubwa kuliko zote za shule ile, wawe wanajua au hawajui. Mtoto anayefika darasa la tano akashindwa kuandika sentensi yake mwenyewe hakuharibikiwa huko juu. Ukimfuatilia nyuma utafika kwenye dawati lake la kwanza.

Andalio la somo na azimio la kazi umefundishwa chuoni, sitayarudia. Nina jambo moja la kukuambia, na mengine yatalizunguka hilo: mtoto aandike lake, na aanze mapema.

Fungua madaftari ya darasa lolote la chini uone. Kurasa zimejaa. Tarehe, somo, mistari mitano ya ba be bi bo bu, kisha sentensi ya ubaoni imerudiwa mara kumi, na chini yake vema kubwa jekundu. Mzazi akiliona daftari hilo anafurahi, na mthibiti ubora akija naye anaridhika. Sasa mwite mwenye daftari, mpe karatasi tupu, mwambie aandike alichokula jana usiku. Atatazama ubaoni kutafuta pa kunakili. Asipopaona atakuuliza, "Mwalimu, niandike nini?"

Na ukitaka kujua kunakili kunampa nini, simama nyuma ya mtoto aliyeambiwa aandike "baba analima" mara kumi. Hamalizi mstari. Anaandika b, anashuka chini yake anaandika b nyingine, mpaka b kumi zinasimama kama safu ya askari. Kisha anarudi juu kupanga a kumi, na kuendelea hivyo hivyo hadi upande wa pili wa ukurasa. Kazi yake itakuwa safi na utampa vema, lakini neno "baba" halikupita kichwani mwake hata mara moja. Mtoto huyo ana akili, ametafuta njia nyepesi ya kumaliza kazi isiyo na maana kwake.

Shukuru basi lugha unayofundishia. Kiswahili huandikwa kinavyosikika. Mtoto wa Kiingereza hukaa miaka akikariri tahajia ambazo sikio lake halimsaidii, lakini wako, akishazijua irabu tano na sauti za konsonanti chache, anaweza kuandika neno ambalo hajawahi kuliona limeandikwa popote. Jaribu mwenyewe. Chukua irabu zote, ongeza m, t na k peke yake. Una kuku, moto, mti, kiti, koti, mkeka, mkate, mtama. Una "Kaka ametoka." Una "Mama amekata mti." Kwa konsonanti tatu mtoto ana habari ya kusimulia. Kwa nini tumsubirishe mpaka amalize herufi zote, pamoja na gh na dh atakazozihitaji mara chache, ndipo tumruhusu kutunga? Mtaala ulioanza kutumika 2015 katika darasa la kwanza na la pili ulipunguza masomo ili KKK zipate nafasi, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Muda uliopatikana pale ulipiganiwa na watu. Usiumalize kwenye safu za b.

Lakini mkono nao una haki yake. Mtoto wa miaka sita ukimpa penseli na daftari la mistari siku ya kwanza ataishika kwa ngumi, ataikandamiza mpaka ncha ivunjike, na kesho yake vidole vitamuuma. Anza nje. Mchanga wa uwanjani hauna bei. Wachore kwa kidole mistari wima, mistari mlalo, mshazari, mawimbi, duara. Waumbe herufi hewani kwa mkono mzima kutoka begani, kisha kwa kidole, kisha ndipo penseli. Watoto waliozoea kufinyanga udongo, kutunga shanga, kuchambua mchele au kusuka ukili utawajua mara moja, maana vidole vyao vinatii. Penseli ikae kati ya dole gumba na kidole cha shahada, ikiegemea cha kati. Hapo usichoke kurekebisha. Samaki mkunje angali mbichi, na ngumi uliyoiacha hadi darasa la tatu huiondoi tena.

Utakutana na kipande cha penseli kifupi kuliko kidole cha mwenyewe, kwa sababu nyumbani penseli moja imekatwa mara mbili ili dada yake naye apate. Kipande hicho hakishikiki. Kichomeke kwenye kijiti cha mwanzi mwembamba kirefuke. Na wembe wa kuchongea ukae mezani kwako, si mfukoni mwa mtoto.

Unapoandika ubaoni simama upande, usiuzibe kwa mgongo. Mtoto anayeona herufi iliyokwisha hajui imeanzia wapi. Ataichora o kwa kuzungukia kulia, ataianza a mkiani, na sura ataipata, lakini kila herufi itamgharimu muda, na baadaye wenzake watakuwa wamemaliza imla yeye yungali neno la pili. Kwa hiyo tamka mwendo wa mkono wako kwa sauti: "Naanzia juu, nazunguka kushoto, nafunga, nashuka." Zifundishe herufi kwa familia za mwendo. a, d, g na o huanza kwa duara lile lile, na n, m, h, r, b na p huanza kwa kushuka wima. Ukifanya hivyo, ghasia ya b na d hupungua, kwa kuwa mkono unakumbuka kwamba moja imeanza kwa mti na nyingine imeanza kwa tumbo. Mtoto wa miaka sita au saba anayegeuza herufi hana ugonjwa, wengi huacha wenyewe. Akifika la tatu bado anageuza na kusoma kunamshinda, hapo mwite mzazi, macho na masikio yapimwe, na umtafute mwenye ujuzi wa elimu maalumu.

Ukipangiwa pwani utapata watoto waliokwisha kukaa madrasa, na wapo watakaoanza mstari kulia. Usiwacheke. Mkono wao umekwisha kufundwa, tena kwa herufi ambazo Kiswahili chenyewe kiliandikwa kwa karne kadhaa kabla ya hizi zetu. Hati ya Utenzi wa Tambuka ni ya 1728, na ni ya herufi za Kiarabu. Wawekee nukta nyekundu upande wa kushoto wa kila mstari, waambie Kiswahili cha shule kinaanzia hapa, na baada ya siku chache nukta haitahitajika.

Na yule anayetumia mkono wa kushoto mwache autumie. Najua atakavyosemwa nyumbani, na najua wapo walimu wanaoufunga mkono ule kwa kitambaa. Ukimhamisha unampa kazi mbili, ya kuandika na ya kupigana na mwili wake. Kula atafundishwa na wazazi wake, hilo ni lao. Wewe muweke mwisho wa dawati upande wa kushoto ili kiwiko chake kisigongane na cha jirani, na daftari lake liinamie kulia kidogo ili mkono usifute alichoandika.

Sasa jina. Wakati najifunza mimi kusoma, serikali ilitangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na jioni wazee wetu walikwenda kisomo, akina mama wengi wakiwa na watoto mgongoni. Bibi yangu alikuwamo. Hakuwa na haja na a wala na be. Alitaka jina lake, ili siku ya malipo ya mazao asipakwe wino kwenye dole gumba mbele za watu. Mtoto naye yuko hivyo. Herufi za kwanza zenye maana kwake ni zile zinazomtaja. Utaambiwa kwamba mw ya Mwajuma na ng'w ya Ng'wandu ni ngumu na hazijafikiwa kwenye ratiba. Mpe hivyo hivyo. Mwandikie jina kwenye kipande cha boksi, akae nacho mezani, alichore, alifuate kwa kidole, aliandike kwenye kila kazi yake. Nilipofundisha Usukumani watoto walijua ng'w kabla ya herufi nyingi nyepesi, kwa sababu ilikuwa yao.

Ukitoka kwenye jina, nenda kwenye mazungumzo kabla ya kwenda kwenye sentensi. Watoto wengi wa nchi hii huingia shuleni wakizungumza Kisukuma, Kihaya, Kimasai, Kigogo, na Kiswahili ni cha kwako na cha dukani. Mtoto hawezi kuandika asichoweza kusema. Kaa nao chini, waulize nani ameona nini njiani. Atakayejibu kwa lugha ya nyumbani asikaripiwe. Lipokee jibu lake, mwambie hilo kwa Kiswahili tunasema hivi, alirudie, wenzake walirudie. Ndipo wachukue penseli. Somo la kuandika ambalo nusu ya kwanza yake ni kelele za watoto wakisimulia si somo lililopotea.

Hapo sasa makosa yatakuja, na makosa hayo ndiyo mwalimu wako. Mtoto akiandika "mutoto", anakuambia kwamba amefundishwa silabi zenye irabu tu na hajui kwamba m inaweza kusimama peke yake. Mpigishe makofi: m, to, to, makofi matatu. Akiandika "karamu" naye anataka kalamu, mchezo uko sikioni, kwa sababu lugha nyingi za nyumbani hazitenganishi l na r. Kumrudishia daftari hakusaidii. Anza mdomoni, mchezeshe lala na rara, mali na mari, mpaka asikie. Akiandika "atujala", h imemezwa na mtaa mzima, hivyo usimlaumu yeye. Na "ngombe" bila king'ong'o chake ni kosa la kungojea kwa subira, maana alama ile ndogo hupotea hata kwa watu wazima.

Lililo sugu kuliko yote ni la kukatakata maneno. "Ni na penda shule." "A na li ma." Hili tunalisababisha sisi kwa kuandika silabi na vistari ubaoni mwezi mzima, ba-ba, ma-ma, kisha tunashangaa mtoto anapoona kila silabi ni neno. Halifi lenyewe. Tembea mjini utazame kuta zilizoandikwa "Nyumba hii hai uzwi" kwa rangi nyekundu, soma ujumbe wa simu wa watu waliomaliza vyuo: "nime fika", "nita kupigia". Lizuie mapema. Silabi zikishatamkwa ziunganishe siku ile ile, zisilale zimetengana. Mwambie mtoto aseme sentensi yake, na kwa kila neno aweke jiwe moja chini. "Ninapenda shule" ni mawe mawili. Kisha aandike, na kati ya jiwe na jiwe aweke upana wa kidole. Akikuwekea mawe manne, usimwambie amekosea. Mwulize, "Mtu akikuita njiani akakwambia 'ni', akanyamaza, amekuambia kitu?" Atacheka, atayaunganisha mwenyewe.

Sasa nifike kwenye kalamu nyekundu, maana hapa ndipo tunapowaua watoto wengi. Alikuja mtoto mezani na mstari wake wa kwanza kabisa aliotunga mwenyewe: "mbuzi weu kaza juzi". Herufi kubwa hakuna, nukta hakuna, maneno mawili yamekosewa. Ungeweza kuuchafua mstari ule kwa wino mpaka usionekane. Nikamwambia, "Nisomee." Akasoma kwa sauti, "Mbuzi wetu kazaa juzi." Nikamuuliza amezaa wangapi. Wawili, mmoja mweusi. Tuliongea habari za mbuzi kwanza, kama watu. Kisha nikasema, "Nisomee tena neno hili, polepole, kidole kikifuata." Akafika kwenye "weu", akasimama, akasema, "Mwalimu, t imetoka," akaichomeka. Kwenye "kaza" nilimtamkia yote mawili, kaza na kazaa, akasikia kwamba sauti inavutwa, nikamwonyesha kwamba tukivuta tunaandika a mara mbili, kama kwenye taa na saa. Herufi kubwa na nukta niliziacha kwa siku nyingine. Alipokwenda kukaa alikuwa na sentensi iliyo sahihi kuliko aliyokuja nayo, na alijua kwamba mwalimu anajua mbuzi wao kazaa. Kesho yake alileta habari ya yule mweusi bila kuombwa.

Shika utaratibu huo: soma kwanza alichosema, mjibu, kisha chagua kosa moja, lile linalorudiarudia. Moja tu.

Utaniambia watoto ni wengi, na una haki. Mwongozo unasema mwalimu mmoja kwa watoto 45, lakini tangu elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016 yako madarasa ya kwanza yenye watoto mia na zaidi, na wengine wako sakafuni. Huwezi kuzungumza na mia kila siku. Zungumza na kumi. Panga safu, leo hii, kesho ile, na katika wiki mbili kila mtoto atakuwa amekaa na wewe mara moja. Wale wengine siku hiyo wasomeane wawili wawili, mmoja asome, mwenzake aulize swali moja. Watapiga kelele, na mwalimu mkuu atachungulia dirishani. Mweleze mapema unachofanya. Kazi zao usizipige vema bila kuzisoma, kwa sababu mtoto anajua. Heri daftari lisilo na alama kuliko vema la uongo.

Mpe pia mtu wa kumwandikia. Mwalimu peke yake hatoshi, kwa kuwa mwalimu anajua kila kitu na mtoto analiona hilo. Amwandikie bibi yake barua ya mistari miwili, aipeleke kwa mkono, na jioni kaka mkubwa amsomee bibi. Aandike orodha ya vitu mama anavyomtuma dukani: chumvi, kiberiti, mafuta. Aandike jina la mti na kulitundika kwenye mti wenyewe. Shaaban Robert, ambaye tunamsoma kwa mashairi yake, alimwandikia barua mdogo wake Yusuf Ulenge kwa miaka mingi, na barua zile zimekuwa kitabu. Aliandika kwa sababu mdogo wake alikuwa mbali na alikuwa na la kumwambia. Mtoto wa darasa la kwanza akishaona mtu amecheka au ameleta chumvi kwa sababu ya alama alizochora yeye, hutahitaji kumsukuma.

Nina neno moja zito. Usiupige mkono unaouomba uandike. Rula ile inayogonga vifundo vya vidole kwa mwandiko mbaya nimeiona ikitumiwa, na nimeona inachozaa: mtoto anayefunika daftari kwa mkono wa pili mwalimu anapopita, anayeandika maneno mawili anayoyajua kila siku kwa sababu la tatu ni hatari, anayeumwa tumbo siku ya imla. Mwandiko utanyooka kwa mazoezi mafupi ya kila siku, dakika kumi, herufi mbili za familia moja, na kwa mwandiko wako mwenyewe ubaoni, ambao watoto watauiga na kuupeleka mbali. Kwa hiyo utunze. Fika kabla ya kengele, andika polepole, futa ulichokosea hata kama hakuna aliyeona.

Mwezi wa kwanza, kabla hujafundisha lolote, mpe kila mtoto nusu karatasi. Mwambie achore anachopenda na aandike chochote anachoweza, hata kama ni vijistari. Andika jina na tarehe nyuma, zifunge kwa kamba, weka kabatini. Fanya hivyo tena mwezi wa sita na wa kumi na moja. Mzazi akija kulalamika kwamba daftari la mwanawe halijajaa kama la jirani, mtolee karatasi hizo tatu, mwambie mtoto amsomee ya mwisho. Na mwaka ukiisha usiziache zichomwe na takataka za likizo. Mpelekee mwalimu wa darasa la pili, kaa naye, mwonyeshe nani bado anakata maneno, nani hasikii l na r, nani anaandika vizuri akiulizwa habari za mifugo. Yeye ataanzia pale ulipoishia wewe, badala ya kuanza tena na ba be bi bo bu kwa watoto waliokwisha kuandika barua.